Nasoma sheria mwaka wa pili lakini konvokasioni moja ya polisi imenishinda. Benye kujua kazi, mulijifunzia wapi?

Kijana_Katuba

Jambo yenu bote. Mi niko mwaka wa pili wa sheria apa Lubumbashi, fakilte sitaitaja juu bengine muko mule mule tutajuana. Nalomba musaada na musinicheke mingi.

Siku ya posho, Jumamosi, mama mudogo alifika ku nyumba na kakaratasi, konvokasioni, karatasi ya kuitwa na polisi, imeandikwa na biki, mihuri nusu iko ku karatasi nusu ilibakia sijue wapi, na pa sababu baliandika paka "ataambiwa kule kule". Akanipatia mbele ya batu bote, baba, yaya yangu, na jirani mwenye alikuya kulomba chumvi. "We njo avoka yetu, wakili yetu, tusomee." Nikaiangalia. Nikageuza ku mugongo kuona kama kuko kintu. Mi nilipata 14 ku 20 mu sheria ya katiba, najua Katiba ilitangazwa 18 Februari 2006, najua balirekebisha 2011, lakini sikujua kama akienda banaweza kumulaza kule, sikujua kama lazima afike na avoka, ata mwenye alisaini sikujua kama alikuwa na haki ya kusaini. Nikasema ngoja kwanza niangalie mu silabisi. Baba alicheka mupaka chai ikamwangikia ku suruali.

Kumbe ni mambo ya mutoto wake. Alichukua telefone ya mutu kwa deni akapotea nayo Kasumbalesa ku mupaka, sasa mwenye telefone anataka mama njo alipe. Alienda kazi moja, siku ya Jumatatu, alikaa pa benchi tangu saa mbili mupaka saa kumi bila kula, akatoa feza, akarudi. Ni ngapi, hataki kusema.

Donki maulizo yangu: hii sheria ya batu banaijifunziaka wapi, juu mu oditorio haiko, tuko mamia, mwalimu anasoma, tunaandika, basi. Na ya pili, kazi ni paka avoka na zuzi, hakimu, ao kuko ingine? Baba anasema bila mukubwa mu kabine ya maavoka nitabeba paka masakoshi ya bengine.

Togi_Nyeusi

Muloko, usisikie haya. Mimi niko mwaka wa 9 ku baro, chama cha maavoka, na siku ya kwanza ya staji, mafunzo ya kazi, nilienda kukaa kwenye kiti cha grefye, karani wa mahakama, mzee alisimama nyuma yangu na dosye, faili ya kesi, mkononi ananiangalia tu, hakusema kitu, chumba kizima kinacheka.

Enda tribinali ya pe, mahakama ndogo ya mtaa. Usianzie kuotea kori dapel, mahakama ya rufaa, ama Kinshasa, tribinali ya pe njo shule, juu kule kunapita mambo ya jinai yenye kifungo kisichozidi miaka 5, na kunapita familia, ndoa, urithi, mambo ya mtaa wako kabisa. Hauombi ruhusa kwa mtu. Katiba kifungu cha 20 kinasema vikao vya mahakama ni vya wazi, isipokuwa tribinali yenyewe iamue kufunga milango. Ku mlango banabandikaka listi ya dosye za siku. Fika mbele ya saa tatu, soma ile listi, andika namba, ingia, zima telefone, toa kofia, kaa nyuma. Wakiingia wazuzi simama. Mtu akikuuliza sema uko mwanafunzi, hakuna atakayekufukuza.

Kisha, na hapa njo wengi wanashindwa, chagua dosye MOJA uifuate mpaka mwisho. Mara tatu za kwanza utaona hakuna kitu, remizi, ni kusema kesi imeahirishwa, remizi, remizi, utasema nimepoteza siku. Lakini uliza juu ya nini imepigwa remizi. Utasikia mwenye kushtakiwa hakupata karatasi, ama karatasi ilienda kwa avenyu ingine, ama ilifika lakini siku hazikutosha. Prosedire mu fakilte ni kozi ya kukariri, kule ni nyumba ya mtu. Nimeona mtu ana haki kabisa, kila mtu anaiona, akapoteza juu alihesabu vibaya siku za kukata rufaa, ni 10 kwa jinai na 30 kwa madai, yeye alisikia 30 kwa rafiki yake akangojea.

Nikupe moja nilioona kwa macho nikiwa kama wewe. Mjane, mume alikufa, ndugu za mume wakabadilisha kufuli. Mama alikuwa anaongea Swahili, tribinali inaandika Kifaransa, katikati kuko mkalimani. Zuzi akauliza alikuwa nani kwa marehemu. Mama akajibu "nilikaa naye miaka 14". Wewe na mimi tunasikia bibi na bwana. Mkalimani akaitoa kwa Kifaransa ikawa kama watu walioishi pamoja tu bila ndoa. Mara moja avoka wa upande ule akasimama, aah kumbe hakuna ndoa! Ilichukua vikao viwili kurudisha ile neno pahali pake, na mahari ilikuwa imelipwa na karatasi ya komine, ofisi ya mtaa, iko mu sakoshi ya mama muda wote, hakuna aliyemuuliza.

Ile siku njo nilielewa Kodi ya familia ya 1987. Nilikuwa nimekariri makundi ya warithi: watoto robo tatu, ile robo inabakia ni ya kundi la pili, mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Donki wale ndugu hawakuwa wezi moja kwa moja, walikuwa na kipande chao kidogo. Lakini nyumba bibi na bwana walioishi, mjane anaendelea kukaa ndani, sheria inampa iyo haki. Kufuli haikuwa na kifungu chochote.

Masakoshi utabeba, baba hajadanganya. Mimi nilibeba miaka miwili, muda wa staji. Lakini sakoshi iko na dosye ndani na usiku nilikuwa nazisoma.

Bipesi_ya_Moto

Banasema enda tribinali enda tribinali, transpo ya Katuba mupaka mu muji nani atalipa? Kwenda na kurudi, mara tano kwa juma, na mutoto anafika kule kusikia remizi.

Mi nilimaliza sheria. Kweli, niko na dipromi, iko mu malle ya mama chini ya bikwembe. Nilianza staji, miezi 7, bila mushahara, togi, joho ya avoka, nilikuwa najazima kwa yaya mumoja murefu, mikono inanifunika mupaka ku vidole, nikitaka kuonyesha zuzi karatasi lazima nikunje kwanza. Kuko feza ya kulipa ku baro, kuko suruali nyeusi, kuko viatu, kuko "kuja tukunywe kitu" ya bakubwa. Leo nauzisha bipesi ya moto ku Kenya, komine ya apa Lubumbashi, na nakula bukari yangu bila kungojea kliyanti.

Njo ukweli. Yenye kubakia ni muziki.

Togi_Nyeusi

Mukubwa Bipesi haudanganye, ile miaka miwili inaua. Kwa transpo, siku hauna feza, kuko njia ingine. Vikao vya mahakama ya jinai ya kimataifa kule La Haye wanavipitisha ku intaneti, vinachelewa nusu saa tu. Na dosye zilizomalizika, maandiko ya vikao yako pale kwa Kifaransa, bure. Chukua ya Bosco Ntaganda, mkubwa wa waasi wa zamani, walimtia hatiani Julai 2019, miaka 30 Novemba ule mwaka. Usisome hukumu yote, utalala. Soma siku moja tu shahidi anaulizwa na upande wa utetezi, uone namna swali moja linakatwa vipande kumi. Sheria zetu zenyewe nyingi ziko ku saiti ya Leganet, unapakua usiku wakati megas ni rahisi.

Lakini kwa wewe Bipesi niko na ulizo. Nasikia ku Kenya kuko mtu wafanyabiashara wanamwendea kuandikiwa karatasi...

Bipesi_ya_Moto

Haha nani alikuambia. Bon, ni mi. Ilianza na mama mumoja mwenye kuuzisha bilulu, komine inamusumbua kila juma, huyu anakuya na karatasi, yule anakuya na karatasi. Nikamwambia OHADA, sheria ya biashara ya pamoja ya inchi mingi za Afrika, iliingia kwetu tangu 12 Septemba 2012, na mule mu sheria yao ya biashara kuko kiti ya mufanyabiashara mudogo, banaitaka "antreprena", anatangaza paka jina na kazi yake ku rejista ya biashara, na kujitangaza ni bure. Nikamuandikia. Akapata namba yake. Kesho yake bamama bane ku mulango yangu. Leo naandikia batu mikataba ya nyumba, reconnaissance ya deni (karatasi ya kukubali deni), barua ya kudai mushahara. Ya deni njo mingi. Feza ya ile kazi saa ingine inapita ya bipesi.

Lakini ile si kazi ya sheria, mi ni muuzaji.

Mama_Defanseri

Mwanangu Kijana, mimi nilizaliwa Bukavu, niko huku Lubumbashi kwa ajili ya ndoa, Swahili yangu mtaniwia radhi. Nianze na mama yako mdogo kwanza, mambo ya kazi baadaye.

Konvokasioni si mandati, si amri ya kukamata. Ni kuitwa. Ile kusema "ataambiwa kule kule" ni tabia mbaya imezoeleka, mtu anafika hana habari anaitiwa nini, anaogopa, na mwenye kuogopa anatoa feza. Shika vifungu viwili tu vya Katiba. Cha 17: mtu hawezi kufuatwa wala kufungwa kwa kosa la mtu mwingine, jinai ni ya mwenye kuifanya. Mtoto wake kama ni mtu mzima, telefone ni yake na kosa ni lake. Cha 18: mtu akikamatwa lazima aambiwe mara moja sababu, katika lugha anayosikia, na polisi hawawezi kumuweka zaidi ya saa 48, zikiisha ni kumuachilia au kumpeleka mbele ya mwenye mamlaka, yaani parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Angeweza kwenda na mtu, angeweza kuuliza jina na kazi ya mwenye kumuhoji, na kabla ya kutia sahihi PV, karatasi ya maneno aliyosema, angeomba isomwe kwa Swahili. PV watu wanasaini bila kusikia, hapo ndipo kesi inapotelea. Na ile feza, angalau karatasi ya risiti. Waliitoa? Naona kimya.

Sasa kazi. Mimi si avoka, mimi ni defanseri jidisieri, mtetezi wa watu mahakamani. Vijana wengi hawajui kama tuko. Sheria ile ile ya 28 Septemba 1979 yenye kupanga baro ndiyo inatupanga na sisi, tunasimama mbele ya tribinali ya pe na tribinali kubwa ya grande instance, juu zaidi ya pale hatufiki. Wakubwa wa baro wanatudharau kidogo (Togi usikasirike), lakini asubuhi kwenye tribinali ya pe utahesabu ni nani amesimama na mama wa sokoni.

Na kuko kazi watu hawazioni. 2017, bado niko Bukavu, mahakama ya kijeshi ilihamia Kavumu, karibu kilomita 30, kuhukumu kesi ya watoto wa kike waliobakwa usiku kwa miaka. Mahakama ndiyo ilikwenda kwa watu. Nilienda na wenzangu, ndani kumejaa, nilisimama dirishani mguu mmoja juu ya jiwe. Nilikuwa nawaza nitaona maavoka wakipaza sauti. Nikaona karatasi. Karatasi ya daktari, tarehe, umri wa mtoto, karatasi ingine, tarehe. Mtu fulani alikuwa amezikusanya miaka yote hiyo moja moja bila kujua kama kutakuwa kesi. Mashahidi walifichwa sura, mtu fulani alipanga lile pazia. Kuko aliyekaa na wazazi usiku kuwaelezea kesho wataulizwa nini. Tarehe 13 Desemba mbunge wa jimbo na watu wake, jumla 11 pamoja naye, walipewa kifungo cha maisha kwa kosa la jinai dhidi ya ubinadamu. Kila mtu anataja ile hukumu. Mimi nilirudi Bukavu nikiwaza lile faili la karatasi.

Kwa hiyo ukiuliza kazi ni gani nje ya avoka na zuzi: grefye, isie (mwenye kupeleka karatasi za mahakama), mkalimani, mtafiti wa haki za watu, mshauri wa wahanga, mtu wa kupanga dosye. Ukitaka kuwa zuzi, ni konkuru, mtihani wa kushindana, ya Baraza kuu la mahakama, soma tangazo likitoka usitegemee habari za WhatsApp. Na ulizia ku baro siku ambazo biro yao ya ushauri wa bure inapokea watu. Omba kukaa pale kupanga foleni na kuandika majina. Mimi nilianza hivyo. Watu wanaeleza shida zao tangu kwenye foleni, ukiwa na masikio umeshajifunza nusu.

Isie_wa_Zamani

Mimi nilikuwa isie miaka mingi, nitasema kidogo tu juu macho inauma ku telefone. Vijana wote wanataka kupleder, kutetea mbele ya zuzi. Hakuna plederi kama karatasi haikufika. Nimetafuta namba 47 ya avenyu moja nikakuta namba 47 ziko tatu, moja ni kanisa, moja imeuzishwa, moja mwenye nyumba anasema yeye si yeye. Anasema "bwana mkubwa alihama", na picha yake iko ukutani nyuma yake na koti ile ile. Unaandika nini? Ile unaandika ndiyo kesho avoka atagombania saa moja nzima. Tafuta isie akukubalie umufwate siku mbili kwa miguu. Vaa viatu vya zamani.

Sofia_wa_Likasi

Nimechelewa lakini hakuna mwenye amesema mine, migodi, na tuko Katanga!! Mi nafanya na shirika kaloko lenye kusindikiza vijiji karibu na karyeri, kwenye banachimba madini. Ile Kodi ya mine ya 2002, balirekebisha 9 Machi 2018, sasa kampuni lazima isaini kayé de sharje, karatasi ya ahadi zake, na batu ba pale, barabara, shule, maji, na tena itoe 0,3% ya shifre dafere kila mwaka kwa maendeleo yabo. Na ku redevanse ya mine, malipo ya kampuni juu ya madini, feza inagawanywa: 50% serikali ya Kinshasa, 25% jimbo, 15% komine ao shefferi (utawala wa chifu) yenye karyeri iko ndani, 10% mufuko wa vizazi vya kesho.

Kuijua ni rahisi, ni namba ine tu. Kazi iko ku kuieleza. Mara yangu ya kwanza nilisimama chini ya muembe nikatafsiri "shifre dafere" nikasema "faida". Banazee bakaitika, tukaendelea. Baada ya mwezi muwakilishi mumoja wa kampuni akabaambia mwaka huu hakuna faida, donki hakuna kitu. Na bo bakakubali! Juu mi njo nilibaambia faida. Shifre dafere ni feza yote yenye imeuzishwa, ukate hasara ao usikate, iko pale. Mzee mumoja akaniuliza mbele ya bote, "binti, siku ile ulikuwa unafanya kazi ya nani?" Sikulala. Tulirudi tukaanza upya, sasa nasema "feza yote yenye iliingia mbele ya kutosha ata franka moja", ni ndefu lakini inasimama.

Kijana ukitaka staji yenye hakuna mukubwa wa kukupeleka, pakua ile kodi, chukua kayé de sharje moja, isome kwa Swahili mbele ya mama yako. Pahali anakuuliza "ni kusema nini?" na unakosa, pale njo silabisi yako inaanzia. Kuko kazi ku mashirika, ku ma-komine zenye hazijue zitumie ile 15% namna gani, na ku makampuni yenyewe pia, sitadanganya, kule njo banalipa.

Bipesi_ya_Moto

Sofia ile ya muembe imenipiga. Mi naandikaka "riba" mu karatasi za deni, sasa niko najiuliza bamama banasikiaka nini.

Kijana_Katuba

Bakubwa aksanti. Narudi kuwapa habari.

Nilienda kazi tatu, siku ya Jumatano. Nilitembea kwa miguu mupaka fasi moja kisha nikapanda, mukubwa Bipesi usinicheke. Listi ilikuwa na dosye 23, nilihesabu 15 zilipata remizi. Nilichagua moja ya kiwanja, mutu mumoja aliuzisha kwa batu babili. Nilifikiri nitaona nani mwenye haki. Balibishana saa nzima juu ya karatasi, kama ilifika ao haikufika, na mi nilikuwa nacheka peke yangu pa nyuma juu ya namba 47 ya mzee isie. Remizi, siku 14. Nitarudi.

Saa ya kutoka grefye mumoja mama aliniuliza ninafwata nini, nikasema najifunza. Akanipatia lundo la bikaratasi nimusaidie kupanga kwa namba. Nilipanga mupaka saa nane. Hakunipa kitu, alinipa mukate.

Kwa mama mudogo: risiti hakuna, kama Mama Defanseri alisema. Nilimuandikia kifungu 17 na 18 kwa Swahili, ku karatasi moja, maneno makubwa. Nilimusomea mara ya kwanza akaniuliza "mamlaka ni nani?", nikakosa, nikafuta, nikaandika parke. Ya pili akaniuliza "sawa, na kama bananikataza kuingia na mutu?" Nayo sikujua, njo naiuliza apa. Karatasi aliikunja akaiweka mu sakoshi pamoja na karte ya uchaguzi. Jana bajirani bawili bamefika, banataka yabo. Baba anasema sasa nimekuwa kabine, lakini feza ya fotokopi hataki kutoa.